Michezo ya Likizo Niliyocheza kwa Mikono ya Mama Mkwe

Wiki iliyopita wengi mlinipa pole. Mmoja aliandika kwamba alilia mpaka majirani wakamjia. Nawaomba pole hizo mnitunzie kwanza, maana mkishasoma ya leo huenda mkazitaka zirudi.

Kwa aliyekosa: mimi ni msahihishaji katika gazeti. Miezi mitatu iliyopita niliweka picha ya bwana harusi kwenye ukurasa wa vifo, na picha ya marehemu kwenye ukurasa wa harusi. Familia ya marehemu ilinisamehe. Ya bibi harusi, mpaka leo hapana.

Mhariri wetu, tunayemwita Mkasi kwa jinsi anavyokata habari na watu, akanipa nafasi ya mwisho. Nikae nyumbani wiki tatu za likizo, nicheze michezo ya video iliyoazimwa kutoka duka moja, na kila Ijumaa niwape wasomaji maoni yangu kwa jina la Bwana Kidole. Ukurasa ukipendwa, nabaki kazini. Usipopendwa, niandike barua ya kuacha kazi na niisahihishe mwenyewe.

Nikafunga mashine kwenye televisheni ya sebuleni. Wiki iliyopita niliishia hapo: mlango unagongwa, na mama mkwe anaingia na magongo mawili, mguu wa kulia uko ndani ya plasta.

Sasa tuendelee.

Mama mkwe wangu ni muuguzi mkuu mstaafu. Miaka thelathini na moja ametawala wodi, na hata leo akiingia chumbani watu wanakaa wima. Binti yake nimemwoa miaka tisa, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniita kwa lolote. Akiniongelea kwa mke wangu mimi ni "mwenzio". "Mwenzio amekula?" "Mwambie mwenzio afunge hilo dirisha." Nami nimekaa pale pale, dirisha liko begani kwangu.

Tuna sebule moja na televisheni moja. Mke wangu akamkalisha mama yake kwenye kochi kubwa, mguu juu ya stuli, uso kwa uso na mashine yangu.

"Hiki nini?" mama mkwe akauliza, akinyoosha kidole.

"Ni padi, mama. Ya kuchezea."

"Mtu mzima unacheza?"

"Ni kazi, mama. Ya ofisini."

"Hebu."

Nikampa kwa mikono miwili, kichwa nimeinamisha, adabu zote nilizofundishwa. Na hapo ndipo nilipoharibu. Kitu ukishamkabidhi mama mkwe mkononi, unakidai vipi? Niambieni nyie wenye akili. Unasema "mama, lete"? Unamnyang'anya? Nilivuta kiti cha meza ya chakula nikangoja achoke. Alikaa na ile padi wiki zote tatu.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa vita. Unamwongoza askari, anapiga, anapigwa, anasonga mbele. Mama mkwe alijifunza vitufe kwa nusu saa. Kisha akaanza ukaguzi.

"Huyu amepigwa risasi mbili za kifua. Amekanyaga kisanduku cha dawa, amepona. Nani kamsafisha kidonda?"

"Ndivyo mchezo ulivyo, mama."

"Na hajanywa maji tangu asubuhi. Mkubwa wake yuko wapi?"

Akampeleka askari nyuma ya ukuta, akamwinamisha, akaweka padi mapajani. "Apumzike," akasema. Tukakaa dakika ishirini tukimwangalia askari anapumzika. Mabomu yanalia, sisi kimya.

Ikafika Alhamisi, siku ya kupeleka maoni yangu, na mimi sijagusa mchezo hata dakika moja. Nikakaa mezani nikaandika nilichosikia. Nilikipamba kidogo, nikaandika kwamba "watengenezaji hawakuzingatia ipasavyo suala la usafi wa majeraha". Mkasi akanipigia simu.

"Hii imeandikwa na kamati," akasema. "Una saa moja."

Nikafuta mapambo, nikaweka maneno ya mama mkwe kama yalivyotoka. Nani kamsafisha kidonda. Mkubwa wake yuko wapi. Mkasi akapiga tena, na safari hii alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Ulikuwa umejificha wapi siku zote?" akauliza.

Kwenye kiti cha meza ya chakula, nilitaka kusema. Nikasema ahsante.

Wiki ya pili ukaja mchezo wa shamba. Unalima, unavuna, unakamua ng'ombe. Nilidhani huu ungempumzisha.

"Ng'ombe huyu amekamuliwa mara tano leo."

"Ndiyo, mama."

"Na ndama wake yuko wapi?"

"Hana ndama, mama."

"Maziwa yametoka wapi kama hana ndama?"

Bwana Kidole akauliza swali hilo Ijumaa, gazeti likapokea barua arobaini na moja, mojawapo ya daktari wa mifugo aliyesema amengoja miaka mingi mtu aulize. Mkasi akaniambia ukurasa sasa una wasomaji wengi kuliko ukurasa wa mpira. Sikulala na njaa wala na aibu wiki ile. Nilijiona mtu.

Ila jambo kubwa la wiki ile halikuwa gazetini.

Umeme ulikatika saa tisa mchana, mama mkwe akiwa amelima tangu asubuhi. Televisheni ikazimika. Yeye akabaki anaitazama, padi mkononi. Alidhani shamba lote limekwenda, ng'ombe, mahindi na banda alilopaka rangi mara mbili. Hakulalamika. Nilimwonea huruma, kusema kweli, kwa sababu sijawahi kumwona ameshindwa na kitu.

Umeme uliporudi nikawasha mashine. Shamba lilikuwepo lote. Kila alipokwenda msalani nilikuwa ninahifadhi mchezo wake kimya kimya, na hicho ndicho kitufe pekee nilichowahi kubonyeza.

"Nani kafanya hivi?" akauliza.

"Mimi, mama."

Akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza. "Kumbe una akili, mwanangu."

Nikaenda jikoni nikafungua bomba bila sababu, nikasimama hapo maji yanatiririka. Nilifurahi, sitaki kuwaficha. Nilifurahi kuliko siku ya harusi, kwa sababu siku ya harusi yeye alikuwa amenuna.

Tangu hapo nikawa mwanangu. "Mwanangu, sogeza stuli." "Mwanangu, kaa hapa uone." Nikahama kutoka kiti cha meza mpaka kochini, ubavuni kwake. Tukabishana kuhusu mbolea. Ndugu zangu, mimi mama yangu alifariki nikiwa bado nafundishwa kufunga kamba za viatu. Hilo neno nilikuwa sijaitwa na mtu yeyote tangu wakati huo, na nilikuwa tayari kufanya mengi ili niendelee kuitwa. Mtaona mengi yenyewe ni yapi.

Kila Ijumaa alivaa miwani akasoma gazeti, ukurasa wa Bwana Kidole kwanza.

"Huyu bwana ana akili," akasema. "Nilichosema kuhusu ng'ombe, naye kakiona."

Mke wangu alikuwa anapita na kikapu cha nguo. Akasimama. Yeye alijua kila kitu, ameniona nikiandika.

"Hushangai, mama?" akamuuliza.

"Nishangae nini? Watu wenye akili tunafanana."

Mke wangu akanifuata jikoni.

"Mwambie."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akitolewa plasta."

"Plasta iko mguuni," akasema mke wangu, "haiko masikioni."

Wiki ya tatu nikaweka diski ya mwisho. Mchezo wa kutisha: uko ndani ya hospitali, usiku, na wafu wanatembea kwenye korido wakikutafuta. Unapewa tochi na bastola. Nilimweleza mama mkwe kwa uangalifu, nikihofia atashtuka.

Wafu watatu wakatokea wakijikokota. Akawatazama.

"Hawa si wafu," akasema. "Wafu nimewaona. Hawa ni wagonjwa."

"Mama, piga, wanakuja."

"Nimpige mgonjwa? Nani kampima homa huyu?"

Wakamla. Akaanza upya. Wakamla tena. Hasira zikampanda, si kwa wafu bali kwa uongozi wa ile hospitali. Milango wazi, taa zimezimwa, hakuna wa zamu. Alhamisi mchana akasema mchezo huu ni wa kutupwa, aliyeutengeneza hajawahi kukanyaga wodi. Nikaandika hivyo hivyo. Mchezo wa kutupwa. Ijumaa ukurasa ukatoka, ukasomwa, ukachekewa.

Kumbe yeye hajamaliza.

Jumamosi asubuhi akaacha kukimbia. Akaanza kufunga milango ya wodi moja baada ya nyingine, na kuwasha taa za korido. Wale viumbe, wakiwekwa kwenye chumba chenye mwanga, walitulia. Akawapanga wodi nzima. Wenye kelele peke yao, waliotulia pamoja. Bastola hakuitumia hata mara moja. Ilipofika adhuhuri pale kwenye kochi, kulipambazuka ndani ya mchezo, milango ikafunguka, na wale watu wakatoka nje mmoja mmoja wakitembea vizuri.

Mama mkwe alivua miwani akafuta macho.

"Aliyetengeneza hii," akasema, "kuna mtu wake alilazwa."

Mimi nilikuwa nafikiria kitu kingine. Nilikuwa nimeiba maneno kabla hayajaisha.

Jumapili aliomba karatasi. Aliandika kurasa mbili kwa ule mwandiko wa wauguzi wa zamani, kila herufi imesimama. Akanipa bahasha.

"Mwanangu, kesho unarudi kazini. Mpe mkubwa wako mkononi. Huyu Bwana Kidole nilimheshimu, lakini safari hii amepotoka."

Nikaisoma ndani ya choo cha ofisi. Sitaisahau. "Bwana Kidole hakumaliza mchezo. Amechungulia mlangoni akarudi kutangaza kwamba ndani hakuna kitu. Muuguzi akiandika ripoti ya mgonjwa ambaye hakufika kitandani kwake, sisi tulikuwa tunamwondoa zamu."

Nikaitia kwenye droo, chini ya kamusi, nikafunga kwa ufunguo.

Jumatatu jioni: "Barua imefika?"

"Imefika, mama."

Jumanne: "Kasemaje?"

"Anaisoma, mama."

Jumatano hakuuliza. Mtu aliyefuatilia dawa za wodi nzima kwa miaka thelathini na moja hakuhitaji kuniuliza mara ya tatu. Alipiga simu gazetini mwenyewe, akampata Mkasi, akamsomea nakala yake kuanzia salamu mpaka sahihi. Naam, alikuwa ameweka nakala.

Mkasi akaniita. Nikaingia nikiwa nimeshaandaa maneno ya kuomba msamaha. Nikamkuta anatembea huku na huku anasugua mikono.

"Kuna mama kanipigia. Anasema barua alimpa mkwe wake anayefanya kazi hapa."

"Mkuu, niliisahau drooni."

"Droo iache. Mama mkwe wako anampinga Bwana Kidole, na hajui Bwana Kidole ni wewe?"

"Hajui."

Alicheka mpaka akakaa. "Kesho barua inatoka ukurasa wa mbele. Jumamosi saa kumi, ukumbi wetu wa chini, wasomaji wote wanakaribishwa. Viti viwili, padi mbili. Yeye upande huu, Kidole upande huu, mnacheza na mnabishana. Nakuita jukwaani, anakuona, watu wanaanguka."

"Mkuu, ni mama mkwe."

"Ndiyo utamu wenyewe. Na ukimwambia kabla, ukaniharibia, Jumatatu usije."

Sikumwambia Mkasi kwamba kuna jambo baya zaidi. Angejua kuwa Kidole hajawahi kucheza hata mchezo mmoja, Jumatatu ningekuwa nasahihisha ile barua yangu ya kuacha kazi.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama mkwe amepigiwa simu na kualikwa. Amechangamka, anamwelekeza mke wangu gauni lipi lipigwe pasi.

"Mwanangu," akaniambia, "utanisindikiza. Unishikie mkoba wakati mimi namweka huyo bwana sawa."

Mke wangu alinivuta mpaka uani, pasi bado iko mkononi.

"Umwambie leo. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi. Siwezi kumpeleka mama yangu akaaibishwe mbele ya watu."

"Nikimwambia, Mkasi ananifukuza."

"Utapata kazi nyingine. Mama mwingine sipati."

Usiku huo sikuthubutu. Alhamisi asubuhi nikamfuata mke wangu jikoni, nikamwambia uongo ambao mpaka leo nikiukumbuka mate yananikauka.

"Nimemwambia."

Akageuka. "Kweli? Amesemaje?"

"Amecheka. Ila anataka tusiliongelee kabisa mpaka Jumamosi. Atajifanya hajui, watu wafurahi."

Mke wangu alinikumbatia, mikono ina sabuni, shati langu lote likalowa. "Unaona sasa," akasema. "Miaka tisa namwambia mama kwamba wewe ni mtu mzuri. Miaka tisa."

Ningeweza kusema pale. Nilimpapasa mgongo.

Jumamosi ukumbi wenye viti themanini ulikuwa na watu mia mbili. Walikaa kwenye ngazi, kwenye madirisha. Mama mkwe alipanda jukwaani kwa magongo, gauni jeupe, ile saa yake ya kazi imening'inia kifuani. Watu wakasimama kumpisha bila kuambiwa. Nilimketisha, nikapokea magongo na mkoba, nikasimama nyuma ya kiti chake. Mke wangu alikaa safu ya pili, anatabasamu, anangoja mchezo alioahidiwa.

Mkasi akashika kipaza sauti. Akamsifu mama, akasoma barua, watu wakacheka panapochekesha na wakanyamaza panaponyamazisha. Kisha akasema, "Na sasa, namwita Bwana Kidole."

Sikusogea.

Mkasi akanitazama moja kwa moja. Nikatikisa kichwa, kidogo tu.

"Bwana Kidole, usituogope."

Kicheko. Mama mkwe akageuza shingo akaninong'oneza, "Amekimbia huyo. Nilijua." Alikuwa na furaha ya mtoto. Mke wangu alimwona. Nikaona tabasamu la mke wangu linaondoka taratibu, maana mama yake anamjua: hajawahi kuweza kuigiza chochote maishani mwake. Akahamisha macho kutoka kwa mama yake, akayaleta kwangu, nami nikatazama mkoba.

"Mara ya mwisho," Mkasi akasema, na mkono wake ukaanza kuinuka kunielekea mimi.

"Nipo," ikasema sauti.

Alikuwa mke wangu. Amesimama.

"Bwana Kidole ni mimi."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mwanamke, tena mwembamba, amevaa viatu vya kazini. Mkasi alinitazama, akamtazama yeye, akasikiliza yale makofi. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi sijamwona akisahihisha kitu kinachopigiwa makofi. Akampa mkono, akampandisha jukwaani.

Mke wangu alipita mbele yangu bila kunitazama, akakaa kwenye kile kiti. Nilielewa anachofanya. Alikuwa anakinga ile miaka tisa ya kunitetea kwa mama yake.

Mama mkwe alimgeukia.

"Wewe?"

"Mimi, mama."

"Wewe ambaye simu ikiita unatafuta pa kubonyeza?"

Watu wakacheka. Walidhani yamepangwa.

"Kumbe kila ukipita na kikapu ulikuwa unanisikiliza."

"Ndiyo, mama."

"Maneno yangu ndiyo uliyokuwa unapeleka gazetini. Kwa jina la mwanamume. Mimi nakaa kochini namsifia huyo Kidole, wewe unanitazama usoni."

"Nisamehe, mama."

"Ungeniomba," mama mkwe akasema. "Ningekupa yote. Ungeniomba tu."

Kicheko kikapungua, kikaisha. Safu za mbele zilianza kuelewa kwamba haya si maigizo. Mama mkwe aliiweka padi sakafuni, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akautafuta wangu mpaka akaupata.

"Mwanangu," akasema. "Wewe ulijua?"

Mkasi, mtu wa kazi, akakisogeza kipaza sauti kwenye mdomo wangu.

Mke wangu naye akainua uso. Hakunionya, hakunikonyeza. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri kuletewa kitu alichoahidiwa. Nilikuwa na nafasi yote duniani. Neno la kweli lilikuwa moja, na nilikuwa nimeshalishika.

"Sikujua, mama."

Spika zikalitangaza jibu langu mpaka nje. Mama mkwe akaubana mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Pole, mwanangu," akasema. "Tumedanganywa wote wawili."

Mke wangu hakulia. Hakukasirika pia, na afadhali angekasirika. Alikaa kidogo akitazama mikono ile mitatu iliyoshikana, kisha akainuka, akanyoosha gauni lake.

"Mama, aliyekosa ni mimi," akasema. "Mwanao huyo hapo. Kaa naye vizuri."

Akashuka jukwaani. Watu wakampisha, safu kwa safu, na hakuna aliyemgusa wala aliyemwita. Nilijaribu kumfuata, lakini mkono wangu ulikuwa umeshikwa na mtu aliyewahi kuwashika wagonjwa wakubwa kuliko mimi wasidondoke kitandani.

"Mwache aende," mama mkwe akasema. Kwa kidevu akanielekeza kile kiti kilichobaki wazi. "Kaa hapo wewe, mwanangu. Watu wametoka makwao, wasirudi bure."

Mkasi alikuwa ameshaniwekea padi mkononi. Mlango wa ukumbi ulikuwa bado unapigapiga kwa jinsi mke wangu alivyousukuma. Nikakaa, na mama mkwe akaniuliza kama ninajua pa kuanzia.